Milango ya Venice haijamaliza maji, imeyachagua

Msimu wa maji makubwa wa Venice, unaoanza Oktoba na kulegea Januari, siku hizi unakuja na habari mbili zinazopingana. Ya kwanza inasema milango ya chuma iliyolazwa chini ya bahari, mradi wa MOSE, imemaliza mafuriko, kwa hiyo mgeni afunge virago na kwenda na viatu vyake vya kawaida. Ya pili ni picha za Novemba 2019 zinazozungushwa upya kila dhoruba ikipiga kaskazini mwa Italia, watu wakiwa ndani ya maji mpaka mapajani, na chini yake ushauri kwamba mji unazama na safari ifutwe. Zote mbili zinatokana na kosa moja la kusoma namba. MOSE imeondoa maji ya kutisha na imeyaacha maji ya kadiri, yanayofika kati ya sentimita 80 na 110, yaendelee kuingia mjini kama zamani. Haya ndiyo atakayokutana nayo mgeni wa leo, na kwa haya mji haukuweka king'ora. Kiwango cha 110, ambacho maji yakitarajiwa kukifikia milango hunyanyuliwa, hakikutoka mbinguni. Ni mapatano kati ya bandari, uwanja wa San Marco na uhai wa maji yanayouzunguka mji, na anayezuru bila kukielewa hukosea siku ya kwenda, mahali pa kulala, na hata maoni yake juu ya watu wanaoishi pale.

Tuanze na bahari. Venice imekaa ndani ya lagoni, maji ya ndani yenye ukubwa wa kilomita za mraba kama 550, yaliyotengwa na Bahari ya Adriatic kwa visiwa vyembamba na kuunganishwa nayo kwa njia tatu za maji: Lido, Malamocco na Chioggia. Kwa mtu wa pwani yetu, kujaa na kupwa kwa bahari ile ni mchezo wa watoto. Mombasa na Unguja, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita tatu hadi nne. Venice ni mita moja hivi. Ila kila mji hujengwa kwa kipimo cha bahari yake, na Venice iliweka sakafu zake juu kidogo tu ya maji ya kawaida kwa sababu haikuwa na haja ya zaidi. Kanuni ya mwezi ni ile ile tunayoijua: mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, robo za mwezi huleta maji mafu. Saa ndiyo inayotofautiana, kwa maana kila bandari ina saa yake. Unguja maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri. Venice hujaa karibu na saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Msomaji aiweke kando saa nne hiyo ya asubuhi, tutairudia.

Mwezi peke yake, hata hivyo, hauingizi maji mengi mjini. Upepo wa sirocco, unaotoka kusini-mashariki, hupuliza juu ya Adriatic kwa urefu wake wote, na kwa kuwa bahari hiyo ni nyembamba na imefungwa kaskazini, maji husukumwa na kurundikana pale pale Venice ilipo. Kanieneo ya hewa ikishuka nayo huongeza: kila milibari moja inayopungua huinua bahari kwa sentimita moja hivi. Kisha kuna jambo ambalo wageni hawalitarajii. Upepo ukiacha kuvuma, Adriatic huyumba kama maji ya karai lililobebwa kichwani, na wimbi hilo refu hurudi baada ya saa kama 22. Ndiyo maana siku ya pili, jua likiwaka na upepo umetulia, uwanja unaweza kujaa maji tena. Novemba 4, 1966 upepo uliyazuia maji yasipwe, kujaa kukaja juu ya kujaa, na kipimo kikafika sentimita 194, rekodi ambayo haijavunjwa. Novemba 12, 2019 mambo yalikutana: mwezi mpevu, sirocco baharini, na dhoruba ndogo iliyopita juu ya lagoni kwa upepo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa ambayo utabiri haukuiona mapema. Usiku huo kilisomwa kipimo cha 187. Kwa mpangaji wa safari, funzo hapa ni la kiufundi: sehemu ya mwezi inajulikana miaka kabla, sehemu ya upepo inajulikana siku mbili au tatu kabla, na dakika za mwisho zinaweza kubadilisha sentimita kumi au zaidi.

Sasa kipimo chenyewe, ambapo wengi hupotea. Mtu akisikia "maji mita 1.87" hudhani barabarani maji yalimfika mtu mzima kichwani. Sivyo. Namba zote za Venice huhesabiwa kutoka sifuri iliyowekwa mwaka 1897 kwenye kipimo cha Punta della Salute, mkabala na San Marco. Tangu mwaka huo bahari imepanda na ardhi imeshuka. Viwanda vya Porto Marghera, bandari iliyo bara kando ya lagoni, vilinyonya maji ya ardhini katikati ya karne ya 20 na kuuzamisha mji kwa zaidi ya sentimita kumi kabla uchimbaji huo haujazuiwa. Matokeo yake ni kwamba wastani wa bahari leo uko sentimita 30 na zaidi juu ya sifuri ile, hata siku ya utulivu kabisa. Kupata kina cha maji barabarani unatoa: kipimo kilichotabiriwa, toa urefu wa sakafu ya mahali ulipo. Sehemu za chini za San Marco ziko kwenye 80 na kitu. Kwa hiyo maji ya 105 pale ni kina cha sentimita 20 hadi 25, chini ya magoti. Maeneo ya Rialto huanza kulowa karibu na 105, na kituo cha reli cha Santa Lucia hakiguswi mpaka kipimo kivuke 130. Kwa 110, ni kama sehemu moja kati ya nane ya mji inayoingia maji. Kwa 140 ni zaidi ya nusu. Ongezeko haliendi kwa mstari ulionyooka, maana sakafu nyingi za mji ziko kati ya 110 na 140. Hapo ndipo milango ilipowekewa mpaka wake.

Milango hiyo iko 78: 41 Lido, ambako njia ya maji imegawanywa mara mbili na kisiwa cha kutengenezwa, 19 Malamocco na 18 Chioggia. Kila mmoja ni sanduku la chuma lenye upana wa mita 20, limefungwa kwa bawaba kwenye msingi wa zege chini ya bahari, na siku za kawaida limejaa maji na kulala. Ikihitajika, hewa yenye shinikizo husukumwa ndani, maji hutoka, sanduku linakuwa jepesi na kunyanyua kichwa mpaka linavuka uso wa bahari kwa mshazari. Kunyanyua huchukua nusu saa hivi, kushusha ni haraka zaidi, na kufunga kote kwa kawaida huchukua muda wa saa nne au tano. Ujenzi ulianza 2003, ukachelewa, ukagharimu mabilioni ya euro, na mwaka 2014 ukaingia katika kesi kubwa ya rushwa iliyomkamata hadi meya wa wakati huo. Oktoba 3, 2020 ndiyo mara ya kwanza milango ilipofungwa kwa maji ya kweli, na uwanja ukabaki mkavu. Tangu hapo, katika miaka mitano ya kwanza, imenyanyuliwa karibu mara mia. Mtihani wake mkubwa ulikuwa Novemba 22, 2022: nje baharini maji yalivuka 170, ndani ya lagoni hayakufika hata kiwango cha kulowesha uwanja. Bila milango, siku hiyo ingewekwa kwenye kumbukumbu pamoja na 1966 na 2019.

Wanaosema mafuriko yamekwisha wana ushahidi huo mkononi, na si ushahidi mdogo. Wanachoacha kusema ni masharti ya kunyanyua. Milango hufungwa pale utabiri unapoonyesha maji yatafika 110 mjini. Chini ya hapo hubaki imelala na bahari huingia inavyotaka. Hata juu ya hapo, kila kitu kinategemea utabiri. Desemba 8, 2020, wakati mpaka wa majaribio ulikuwa 130 na taratibu zikidai kujua siku mbili kabla, utabiri ulionyesha maji chini ya mpaka huo, milango ikaachwa. Upepo ukageuka, mito ikaleta maji mengi, na kipimo kikafika 138 na milango ikiwa chini na nzima kabisa. Taratibu zimelegezwa tangu wakati ule na uamuzi sasa unafanywa karibu zaidi na saa yenyewe, ila somo linabaki: mtambo haukushindwa, namba ya kuutumia ndiyo iliyokosewa.

Na kuna jinsi maji yanavyoingia San Marco, ambayo picha haziionyeshi. Hayaanzi kwa kuruka ukingo wa gati. Yanapanda kutoka chini, kupitia mifereji ya matofali iliyofukiwa chini ya sakafu kwa ajili ya kutoa maji ya mvua, nayo inapumua pande zote mbili: mvua hutoka, bahari huingia. Asubuhi ya maji ya 90 utaona kwanza duara dogo la unyevu kuzunguka tundu la mawe katikati ya uwanja, kisha duara zinakutana, na gati yenyewe bado kavu. Ukumbi wa mbele wa basilika ya San Marco uko chini zaidi ya uwanja, ukianza kuguswa karibu na 65, kiwango ambacho bahari hukifikia mara kwa mara bila dhoruba yoyote. Ndiyo maana mwaka 2022 basilika ilizungushiwa ukuta mfupi wa vioo vinene, na mifereji yake ina vali za kuzuia maji kurudi. Ukuta huo unafanya kazi kwa maji ambayo milango ya baharini haiyajali.

Hoja kwamba maji madogo hayadhuru ndiyo dhaifu kuliko zote, na mafundi wa ujenzi wa Venice wangeicheka. Nyumba za pale zina tabaka la mawe ya Istria chini, mawe yasiyonyonya maji, kisha matofali juu yake. Waashi wa zamani walipanga mawe yale yawe juu ya mstari wa maji. Bahari ilipopanda, mstari ukapanda pia, na sasa maji ya kadiri yanayorudi makumi ya mara kwa mwaka yanagusa tofali. Tofali hunywa, maji hupanda ndani ya ukuta, hukauka, na chumvi inabaki ikiota fuwele ndani ya vitundu na kupasua lipu na tofali kwa unga. Mafuriko moja ya 187 huharibu mashine na bidhaa. Maji ya 95 yanayorudi mwaka baada ya mwaka hula ukuta. Kwa hiyo mtu wa chini ya ghorofa San Marco, ambaye ameweka kibao cha chuma kinachoteleza kwenye reli mbili za mlango na ukanda wa mpira pembeni, bado anahitaji shimo sakafuni lenye pampu, kwa sababu maji humjia pia kwa sakafu, kwa bomba la choo na kwa ukuta wenyewe. Umeme ukikatika pampu inakufa, na kibao cha mlangoni kinageuka kuwa ukingo wa beseni. Mwaka 2019 mzee mmoja wa kisiwa cha Pellestrina alifariki kwa kupigwa na umeme akishughulika na pampu ndani ya nyumba iliyoingiwa na maji.

Kwa mgeni, hatari ya maji ya kadiri ni ndogo lakini kero ni kubwa, na inaanzia kwenye ukimya. Ving'ora vya mji vimepangwa kulia kuanzia 110: baada ya mlio wa tahadhari hufuata sauti moja kwa 110, mbili kwa 120, tatu kwa 130, nne kwa 140 na zaidi. Kwa kuwa milango sasa hushughulika na maji hayo, ving'ora vimekuwa adimu. Asubuhi ya 105 hakuna kinacholia. Anayejua ni yule aliyesoma utabiri wa kituo cha maji cha manispaa usiku uliopita, ambao hutolewa kwa siku tatu mbele na unapatikana kwenye simu kwa programu ya hi!tide Venice. Usome kama ratiba ya boti: tazama kilele ni sentimita ngapi na saa ngapi, kisha hesabu saa mbili kabla na saa mbili baada. Ndani ya saa nne hizo, epuka San Marco na vichochoro vyake. Nje ya hizo, uwanja ni mkavu na unanuka mwani kidogo, basi.

Kuhusu vifaa, nunua gambuti zinazofika chini kidogo ya goti. Mifuko ya plastiki ya rangi inayouzwa mitaani siku za maji, ya kuvalia juu ya viatu, huchanika kwenye kona ya ngazi za daraja la kwanza na huteleza juu ya mbao zilizolowa. Mji hutandika majukwaa ya mbao kwenye njia kuu, nayo hukaa yamepangwa pembeni kuanzia Septemba hadi Aprili yakisubiri. Ukiyaona yamerundikwa kama meza za harusi usidhani kuna sherehe. Yanapita watu wawili wakipishana kwa shida, kwa hiyo sanduku la magurudumu juu yake ni kosa, na kusimama kupiga picha ni kosa kubwa zaidi, maana nyuma yako kuna mtu anayekwenda kazini. Juu ya 120 majukwaa huanza kuelea na huondolewa. Ukitembea ndani ya maji, shika upande wa kuta za nyumba: ukingo wa mfereji umewekewa jiwe jeupe, lakini maji yakiufunika huoni tena njia inapoishia na mfereji unapoanzia, na sehemu nyingi hazina kizuizi. Usiingie na kidonda. Majitaka ya mji mkongwe, baada ya mashimo ya kuchuja, kwa sehemu kubwa huishia kwenye mifereji hiyo hiyo. Jioni osha gambuti na zipu za begi kwa maji baridi ya bomba, chumvi isije ikazila.

Boti za abiria nazo hubadilika. Maji yakipanda, nafasi chini ya madaraja hupungua, na njia zinazozunguka mji kupitia mifereji yenye madaraja ya chini hukatwa au kugeuzwa, huku zile za Mfereji Mkuu zikiendelea kwa muda mrefu zaidi. Ukiweka nafasi ya kulala, muulize mwenyeji swali moja: mlango wa nyumba unaingiwa na maji kuanzia kipimo gani? Mwenyeji wa kweli atakujibu kwa sentimita bila kufikiri. Akijibu kwamba mafuriko yamekwisha tangu milango, tafuta pengine. Na ukiwa na uhuru wa kuchagua tarehe za Novemba, fanya ambavyo mvuvi wa Pemba angefanya: fungua kalenda ya mwezi uchague siku za maji mafu. Sirocco ikija katika robo ya mwezi, inapanda juu ya msingi mdogo, na mara nyingi haifikishi maji uwanjani.

Sasa hoja nzito zaidi, ile inayosema usiende kabisa. Wanaoishikilia wanasema taabu ya watu haifai kuwa tamasha, na kwamba mgeni anayetembea katikati ya uwanja uliojaa maji huku mwenye duka akinyanyua bidhaa zake ana ukatili ndani yake. Mji mkongwe ulikuwa na wakazi kama 175,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950; leo hawafiki 50,000. Kila nyumba ya chini iliyoshindwa na chumvi inageuzwa duka la vinyago au nyumba ya wageni, na wageni wenyewe ni sehemu ya sababu. Sina jibu jepesi kwa hoja hii, ila naona inamchanganya mgeni wa aina mbili. Anayelala siku tatu Novemba, nje ya kilele cha watalii, analipa chumba, anakula jioni wakati mji umetulia, na saa ya maji anakunywa kahawa mtaa wa Cannaregio akisubiri. Wa mchana tu anafika kwa treni saa tatu na nusu, anakwenda moja kwa moja San Marco, na anakuta kilele cha bamvua saa nne au saa tano, ile saa tuliyoiweka kando. Umati wa watu na kilele cha maji hukutana kwenye mahali pa chini kuliko pote, saa ile ile, juu ya mbao zile zile. Kero ambayo wakazi wanailalamikia ina saa na ina mahali, na huyo wa pili ndiye anayeileta.

Hapo kuna jambo la kushangaza katika sera. Tangu Aprili 25, 2024 mji unatoza ada ya kuingia kwa wageni wa mchana, euro 5, na mwaka 2025 ikawa euro 10 kwa anayechelewa kujiandikisha. Siku zilizotozwa zilikuwa 29 mwaka wa kwanza na 54 mwaka wa pili, zote kati ya Aprili na Julai, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi alasiri. Anayelala mjini halipi ada hiyo, maana tayari ana kodi ya malazi. Novemba hakuna anayelipa. Yaani siku ambayo mgeni wa mchana anaugharimu mji zaidi, kwa majukwaa na kwa wafanyakazi wa kuyatandika alfajiri, ndiyo siku anayoingia bure. Ni rahisi kupendekeza ada ifuate utabiri wa maji, na nilikuwa karibu kupendekeza hivyo, lakini utabiri wa upepo ni wa siku mbili tu, na huwezi kumtoza mtu aliyenunua tiketi mwezi uliopita kwa maji ambayo yanaweza yasije. Linalowezekana ni dogo zaidi: kuzitoza siku za bamvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo kalenda inazijua miaka kabla, hata kama nusu yake zitapita kavu.

Wengine wanauliza kwa nini milango isinyanyuliwe kwa 90 au hata 80, uwanja ukauke mara moja. Swali ni la haki na jibu lina sehemu tatu zisizolingana. Fedha ndiyo nyepesi: kila kunyanyua kunatajwa kugharimu zaidi ya euro laki mbili, kiasi kikubwa lakini kinachobebeka. Bandari ni nzito. Meli za Marghera hupita Malamocco, na kila kufunga ni meli kusubiri nje. Ilijengwa njia ya vizuizi viwili ili meli zipite milango ikiwa imefungwa, nayo ikaharibiwa na dhoruba mwaka 2015 kabla haijatumika ipasavyo. Wavuvi wa Chioggia husubiri vilevile. Ya tatu, ambayo wageni hawaioni kabisa, ni lagoni. Kupwa na kujaa mara mbili kwa siku ndiko kunakosafisha mifereji isiyo na mfumo wa kisasa wa majitaka. Matuta ya majani ya chumvi yanayovunja mawimbi kabla hayajaufikia mji hukua kwa tope linaloletwa na dhoruba, ile ile inayofungiwa nje. Maji ya 80 na 90 ni ya kawaida mno: kufunga kwa ajili yake ni kufunga mara nyingi sana, mara nyingine kwa vilele viwili mfululizo.

Ndiyo maana nadhani njia iliyochaguliwa kwa San Marco, ya kuukinga uwanja peke yake, ni sahihi kuliko kushusha mpaka wa bahari: vali kwenye mifereji ya chini, pampu, mawe ya sakafu kufunguliwa na kurudishwa, na ukingo wa gati kuinuliwa ili uwanja uhimili hadi 110, pale milango inapoanza. Kazi hiyo ni ya polepole, ina vumbi, na itawakera wageni kwa misimu kadhaa kuliko maji yenyewe. Pia haimgusi mwenye nyumba wa Cannaregio ambaye sakafu yake iko kwenye 100 na ambaye hakuna anayempiga picha. Lakini inaiachia bahari nafasi ya kuingia na kutoka.

Tatizo ni kwamba 110 haisimami mahali pake. Ni sentimita 110 juu ya sifuri ya 1897, na bahari haiko tena kule. Kila sentimita tano ambazo wastani wake unapanda, maji yaliyokuwa 105 yanakuwa 110, na siku iliyokuwa ya majukwaa inageuka siku ya milango. Milango ilibuniwa kuhimili maji makubwa, ya hadi mita tatu nje; nguvu ya chuma si kikwazo cha karibu. Kikwazo ni mara ngapi kwa mwaka mji unaweza kujifungia bila lagoni kuoza na bandari kuhama. Bahari ikipanda sentimita 30 nyingine, bamvua ya kawaida isiyo na upepo itakuwa inagonga mpaka, na kunyanyua kutakuwa ratiba ya msimu. Siku hiyo mgeni atakuta San Marco pakavu karibu kila wakati, majukwaa yameuzwa kuni, na swali litakuwa limehamia Marghera na Chioggia, na kwenye mifereji ya nyuma ambako maji hayajapwa tangu juzi.

Kwa sasa bado tuko katika kipindi cha kati. Mwezi ukiwa mpevu na sirocco ni hafifu, utabiri unasema 105, meli zinapita Malamocco, milango yote 78 imelala, na saa tatu na nusu asubuhi tundu la mawe katikati ya uwanja linaanza kulowa.